Hivi wazee wa Kiholanzi walioko Thailand wanalalamikia nini hasa kila siku?

#1 Mwalimu Ugenini

Wakuu habari za muda huu.

Nipo Hua Hin, Thailand, mwaka wa nne sasa, nafundisha Kiingereza shule ya msingi. Kwa wasiopajua ni mji wa ufukweni, kilomita kama 200 kutoka Bangkok ukielekea kusini, una jumba la mapumziko la mfalme na wastaafu wa kizungu wengi mno. Mtaa niliopanga una nyumba kumi na sita na katika hizo sita wanakaa Waholanzi, wengi wana miaka 65 kwenda juu.

Sasa jambo linalonitatiza ni hili. Kila siku saa nne asubuhi wanakutana baraza ya nyumba ya kona, kahawa na biskuti moja moja, halafu yanaanza. Uhamiaji. Baht, hela ya huku, imepanda. Mbwa wa mtaani. Jirani anachoma takataka. Fundi alisema anakuja kesho hajaja wiki ya pili. Jibini bei gani siku hizi. Wanaendelea hivyo mpaka saa sita jua linapowafukuza, na kesho wanaanza palepale walipoachia. Hakuna aliyeletwa kwa nguvu, wote wamekuja wenyewe, na hela inaingia kila mwezi bila kwenda kazini.

Nauliza kwa nia njema maana wazee hawa nawapenda, mmoja wao ndiye alinibeba kwenye pikapu yake usiku wa manane nilipougua dengue na akakaa na mimi hospitali hadi asubuhi. Nataka tu kuelewa, shida ni Thailand, ni Uholanzi, ni hela, ni uzee au ni nini? Mwenye uelewa ashuke hapa.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimekaa. Nasubiri wajuzi.

#3 Binti wa Chumbageni

Mwalimu salama? Mimi niko Rotterdam mwaka wa 11 nikupe la kwanza. Kulalamika kwa Mholanzi ndiyo salamu. Uko kituo cha basi, mtu usiyemjua anakuambia mvua hii nayo, unamjibu ndiyo na basi limechelewa, hapo mmeshasalimiana na mmeshapendana. Ukikaa kimya unatabasamu watadhani una jambo. Na akionja chakula chako akasema "siyo mbaya" shukuru Mungu, hiyo ndiyo sifa ya juu, mama mkwe wangu ananiambia hivyo kwenye pilau na anaomba sahani ya pili.

Kwa hiyo unaposikia baraza la malalamiko, mwenzio pale anasikia watu wanajuliana hali.

#4 Mzee wa Kizota

Sasa hapo tofauti na sisi ni ipi, "vipi hali", "hali ngumu ndugu yangu", "maisha yamepanda". Hao Waholanzi ni wa Dodoma kabisa.

#5 Mkenya wa Udon

Hapana, mimi nakataa kidogo hiyo ya #3. Niko Udon Thani huku Isaan kaskazini mashariki, nafundisha pia, na landilodi wangu ni Mholanzi. Aki hawa watu wana sababu. Umewahi kuona faili lao la uhamiaji? Huyu wangu ana faili nene kama Biblia.

Mstaafu lazima awe na miaka 50 na zaidi, na kila mwaka anaomba nyongeza ya kukaa, baht 1,900. Aonyeshe baht 800,000 zimefungiwa benki mwaka mzima hazigusiki, au awe na kipato cha 65,000 kila mwezi. Kila siku 90 aripoti anaishi wapi, akichelewa faini 2,000. Akitaka kutoka nchini aende kumzika ndugu yake Uholanzi lazima alipie kwanza kibali cha kurudi, 1,000 kwa safari moja, akisahau ile nyongeza yote imekufa anaanza upya. Na mwenye nyumba ana masaa 24 ya kuripoti kwamba amelaza mgeni. Mtu ana miaka 15 hapa, amezeeka hapa, na kwenye karatasi bado ni mgeni aliyelala jana.

#6 Mawe ya Mererani

Dada wa Udon nashukuru ila hapo kwa 800,000 umekosea. Haifungiwi mwaka mzima. Lazima iwe imekaa benki miezi miwili kabla ya kuomba, halafu miezi mitatu baada ya kupewa, baada ya hapo anaweza kutoa lakini isishuke chini ya 400,000. Nalijua hili kwa sababu mshirika wangu wa Chanthaburi kwenye mambo ya mawe ni mzee wa kizungu na nimemsindikiza.

Halafu mwenye mke wa Kithai viwango vyake ni nusu, 400,000 benki au 40,000 kwa mwezi.

#7 Mkenya wa Udon

Asante Mererani, umenirekebisha vizuri. Lakini 400,000 isiyoguswa mpaka ufe bado ni hela ya mtu imekaa kama mateka.

#8 Kwa Mtipura

Assalaam alaykum. Mimi nasema kwa upande wa tabia. Nilikaa Bangkok miezi saba kwa masomo na tulikuwa na Mholanzi darasani. Kijana mwema lakini ulimi wake haukuwa na pazia. Chakula kibaya anasema kibaya, mbele ya aliyepika. Wathai wana kitu wanaita kreng jai, sisi Unguja tungesema kumstahi mtu, kwamba humkwazi mwenzio, humwaibishi, ukiwa na neno unalizungushia njia hata siku tatu likafika lenyewe. Mthai akikwambia "labda" amekwisha kukataa. Sisi pale tulielewa siku ya kwanza, maana ndivyo tulivyolelewa. Mholanzi yeye "labda" anaiandika kwenye kalenda na saa yake.

Ndiyo lile la fundi. Nina hakika kabisa mmoja wa wazee wako alimwambia fundi "umekosea" mbele za vijana wake wa kazi. Fundi akacheka. Mzee akadhani yamekwisha. Fundi harudi tena huyo, si kesho si mtondo.

#9 Mwalimu Ugenini

Kwa Mtipura umeniacha mdomo wazi, ndivyo ilivyokuwa! Ilikuwa ni mfereji wa maji ya mvua. Mzee alitoa rula akampimia fundi kwamba mteremko umepungua sentimita mbili, wanafunzi wa fundi wapo hapo wanatazama. Na kweli ulikuwa umepungua, maji yanatuama mpaka leo. Fundi alitabasamu akasema phrung ni, yaani kesho. Hiyo ilikuwa Juni.

#10 Mzee wa Kizota

Phrung ni ni binamu yake "bosi nipo njiani naingia hapo sasa hivi". Fundi ni fundi tu dunia nzima.

#11 Binti wa Chumbageni

Nirudi maana naona watu wanaamini pensheni ni mteremko. "Hela inaingia kila mwezi" siyo rahisi hivyo, mimi nafanya kazi ya kuwajazia watu fomu hizi.

Pensheni ya serikali ya Uholanzi inaitwa AOW. Haitokani na mshahara wako, inatokana na miaka uliyoishi Uholanzi. Kila mwaka unajiwekea asilimia 2, miaka 50 unafika 100, unaanza kuipokea ukiwa na 67 kwa sasa. Sasa mtu akihamia Thailand akiwa na 57 kwa akiba zake, miaka kumi haihesabiwi, amepoteza asilimia 20 maisha yake yote, labda awe alijichangia mwenyewe kwa hiari. Wengi walihama na hilo hawajalipigia hesabu vizuri.

La pili. Anayeishi peke yake anapata asilimia 70 ya kima cha chini cha mshahara, anayeishi na mwenza kila mmoja asilimia 50. Mzee akioa Mthai au akikaa naye tu nyumba moja, anashushwa 50, na mke ambaye hajawahi kuishi Uholanzi hapati chochote. Zamani kulikuwa na nyongeza kwa mwenye mke mdogo kiumri, kwa walioanza kupokea kuanzia 2015 imeondolewa. Kwa hiyo asilimia 50 ya mtu mmoja inalisha wawili, na mara nyingi na wakwe, na ada ya shule ya mpwa wa mke.

La tatu ndiyo linaloua watu kwa mawazo. Bima ya afya. Ukikaa nje ya Uholanzi zaidi ya miezi 8 katika 12 unatakiwa ujiondoe kwenye daftari la wakazi, na ukihamia Thailand ile bima ya lazima inakoma kwa sababu hakuna mkataba wa matibabu kati ya nchi hizo. Sasa una miaka 74, una moyo, una sukari, nenda katafute bima binafsi. Atakayekukubali atakuandikia moyo hatulipi, sukari hatulipi. Ndiyo maana wengine wanaishi kama korongo, miezi nane Thailand, minne Uholanzi, wanapanga kachumba kadogo tu ili wabaki kwenye daftari.

#12 Kigoda cha Mbele

Da Binti hii ni darasa, nimeisoma mara mbili.

#13 Bodaboda wa Bamba

Samahani lakini mimi sina huruma hiyo. Mtanzania au Mkenya akitaka viza ya kwenda kwao Uholanzi anaombwa barua ya mwajiri, taarifa za benki, bima, tiketi, na bado anaambiwa hatuna hakika kama utarudi kwenu. Wao wanaripoti kila siku 90 wanaita mateso. Waonje kidogo.

#14 Mkenya wa Udon

Bodaboda hayo ni kweli tupu na mimi nimekataliwa mara mbili. Lakini mzee wa miaka 78 anayesimama foleni na mkongojo hajaniandikia mimi ile barua ya kukataliwa. Tusimlipishe.

#15 Lushois wa Antwerp

Jambo wandugu. Mwalimu angalia vizuri hao sita wako, una hakika ni Waholanzi wote? Huku kwetu Ubelgiji watu wa Flanders wanasema Kiholanzi hichohicho na kule Thailand wanachanganyika, wanakunywa kahawa pamoja, chama kimoja, baa moja. Ukimwita Mflemi Mholanzi anakasirika kimyakimya. Njia ya kujua: anayetoa biskuti moja halafu anafunga kopo ni Mholanzi. Anayeacha kopo wazi na kuleta bia ni wa kwetu.

#16 Mwalimu Ugenini

Lushois nimeenda kuuliza. Wawili ni Wabelgiji! Miaka minne yote. Na kweli mmoja wao ndiye mwenye bia.

#17 Mzee wa Kizota

Kopo la biskuti limetoa hukumu.

#18 Nyuki Mweusi

Mimi msomaji wa historia nichomekee kidogo, haya malalamiko hayakuanza leo. Waholanzi wa ile kampuni yao kubwa ya biashara ya mashariki, VOC, walifungua kituo Ayutthaya 1604, wakati huo ndiyo mji mkuu wa Siam, yaani Thailand ya zamani, na barua zao zimejaa manung'uniko hayohayo, viongozi wa forodha wanazungusha, zawadi haziishi, joto. Mwaka 1636 vijana wa kampuni walienda kula na kunywa nje ya mji, wakafanya fujo, wakakamatwa, na mfalme Prasat Thong akaamuru baadhi yao wakanyagwe na tembo. Mkuu wao Jeremias van Vliet alihangaika na zawadi na kupiga magoti ndiyo wakaachiwa.

#19 Profesa wa Ubungo

Marekebisho: 1604 ndiyo walifika, kituo chenyewe ni 1608, na mwaka huohuo 1608 wajumbe wa Siam walifika Uholanzi wakapokewa na Prince Maurits, kiongozi wa huko. Hilo la tembo ni sahihi. Palipokuwa kituo chao Ayutthaya leo pana jumba dogo la makumbusho linaitwa Baan Hollanda.

Lakini Nyuki umeacha kisa kikubwa zaidi. Huyo van Vliet alizaa na mwanamke wa kabila la Wamon aitwaye Osoet Pegua, mfanyabiashara mkubwa, ndiye aliyekuwa anawafungulia Waholanzi milango ya ikulu. Van Vliet alipohamishwa akataka kuondoka na watoto. Osoet akagoma. Watoto walibaki Ayutthaya na mama yao mpaka alipofariki 1658 ndiyo wakapelekwa Batavia, Jakarta ya leo.

#20 Kwa Mtipura

Subhanallah. Karibu miaka mia nne na ugomvi ni uleule, nyumba ya nani na watoto wa nani.

#21 Mawe ya Mererani

Mkishafika kwenye nyumba ndiyo mmefika penyewe. Mgeni Thailand haruhusiwi kumiliki ardhi. Anaweza kununua kondo, yaani fleti kwenye jengo la ghorofa, na hapo wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo. Nyumba ya chini na kiwanja chake haiwezekani, anakodi miaka 30 au anaandikisha jina la mke. Na siku ya kuandikisha mume anatia saini kwamba hela iliyonunua ni ya mke peke yake. Yaani umeuza nyumba yako Utrecht, umekuja na kila senti, unasaini kwamba hujatoa hata senti.

#22 Bodaboda wa Bamba

Hapo kwa ardhi Thailand wako sahihi lakini. Huku pwani yetu tuangalie wazungu wameshika ufuo wote kuanzia Diani mpaka Malindi, mvuvi anazungushiwa seng'enge asifike baharini. Bora sheria yao.

#23 Mwalimu Ugenini

Naomba niseme jambo ambalo sikuliandika mwanzo.

Huyo mzee aliyenibeba na dengue. Mke wake alifariki mwaka juzi, saratani. Kiwanja kilikuwa kwa jina la mke. Sheria inamruhusu mume mgeni kurithi lakini siyo kubaki nacho, anapewa muda, mwaka, auze. Akamuuzia shemeji yake kwa bei ya shemeji. Leo anaishi humohumo kwa kupanga. Mwembe uliopo mbele alipanda yeye, tailizi aliweka yeye, na tarehe moja kila mwezi anavaa shati la kola anaenda kulipa kodi ya nyumba aliyoijenga. Kule baraza analalamikia jibini. Hili halisemi. Nimelijua kwa mama wa dukani.

#24 Kigoda cha Mbele

Daah.

#25 Mkenya wa Udon

Pole yake jamani. Ila kwa wengine wanaosoma, hii inazuilika. Kuna haki inaandikishwa ofisi ya ardhi nyuma ya hati yenyewe, kwa Kithai sitthi kep kin, ukiitafsiri ni haki ya kuchuma na kula. Ardhi ya mke, lakini mume ana haki ya kukaa na kutumia mpaka siku ya kufa kwake hata mke akitangulia. Landilodi wangu aliandikisha. Ilimpa ujasiri kuwaambia wakwe, kwa sababu kule kuuliza tu ilionekana kama anamtabiria mkewe kifo.

#26 Binti wa Chumbageni

Na ndiyo hapo stahi ya Kwa Mtipura inapoleta gharama. Huyo mzee yawezekana aliambiwa kuhusu hiyo haki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaamua kutosema kitu waziwazi, kwa kumheshimu mke.

#27 Kwa Mtipura

Binti, hilo sijalifikiria. Limeniingia.

#28 Simba wa Yuda 77

Mnazunguka sana. Hawa walifuata wasichana wadogo Pattaya, hela imeisha mapenzi yameisha, sasa wanalia. Na wanalipa sin sod kununua mke halafu wanasema ni wapenzi.

#29 Mama Zawadi

Simba punguza. Wapo hao, na wapo walioishi na wake zao miaka thelathini wakawazika. Na sin sod siyo kununua mtu, ni mahari. Inawekwa hadharani, hela na dhahabu, wazazi wanaonekana wamezaa. Mimi nilitolewa mahari ng'ombe kumi na mbili na sikununuliwa.

Ila naelewa kwa nini inamkera Mholanzi. Kwao mzazi anatunzwa na serikali, mtoto amekatwa kodi miaka arobaini kwa ajili hiyo, akifika Thailand anaambiwa na mama mkwe utume kila mwezi. Anaona amelipa mara mbili. Mke naye akiacha kumtumia mama yake kijiji kizima kitamwona hana shukrani kwa aliyemzaa. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanalala wamegeukiana mgongo.

#30 Mkenya wa Udon

Mama Zawadi hapo nakupigia makofi. Huku Isaan nusu ya ugomvi wa wachanganyiko ni huo, nusu ingine ni kelele. Spika za mwenyekiti wa kijiji zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, matangazo, muziki, nani amefiwa, lori la chanjo ya mbwa linapita lini. Msiba nao ni siku kadhaa na spika zake. Landilodi wangu alienda kumwomba mwenyekiti apunguze sauti. Mwenyekiti akampa chai, akamsikiliza, akamshukuru sana. Kesho yake spika ileile.

Na msimu wa kuchoma miwa, kiangazi, majivu meusi yanadondoka kwenye nguo ulizoanika, kifua kinabana. Kwa hilo wala sio malalamiko ya Mzungu, watoto wangu darasani wanakohoa.

#31 Mzee wa Kizota

Na bei mbili mbili je? Nasikia mgeni analipa zaidi hata kuingia mbugani.

#32 Mawe ya Mererani

Kweli. Khao Yai mgeni baht 400 Mthai 40. Na ile ya 40 mara nyingi imeandikwa kwa tarakimu za Kithai, kwa hiyo mgeni asiyezisoma hajui. Wazee wengi walijifunza kusoma namba za Kithai siku walipoambiwa hilo, hiyo iliwauma kuliko hizo 360.

Ila Serengeti na Ngorongoro sisi tunafanya hivyohivyo, tena kwa dola.

#33 Bodaboda wa Bamba

Angalau sisi tunaandika kwa namba anazosoma.

#34 Profesa wa Ubungo

Naona hakuna aliyegusa kodi na baht. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 aliyekaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka, kipato cha nje anachoingiza nchini kinahesabiwa kwenye kodi, hata kama hakukiingiza mwaka uleule alioupata. Zamani ukiingiza mwaka unaofuata ulikuwa salama. Akiba ya kabla ya 2024 haiguswi lakini mzee lazima athibitishe ni ya kabla ya 2024. Na euro moja mwaka 2008 ilikuwa inafika karibu baht 50, miaka hii iko chini ya 40. Pensheni ileile, mchele uleule, amepoteza moja ya tano bila kufanya kosa lolote. Kwangu mimi sababu ni hela, mengine ni mapambo.

#35 Binti wa Chumbageni

Profesa hela ingekuwa sababu, wa Rotterdam wenye pesa wangekuwa kimya. Hawako kimya.

Mwalimu nikuombe kitu. Usimuulize mzee analalamikia nini, hilo unalisikia kila siku. Muulize anakosa nini.

#36 Mwalimu Ugenini

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku mbili, mitihani.

Nilimuuliza jana jioni. Nilidhani atasema jibini, au yale machokoleti ya kunyunyizia mkate ambayo hapa anayatunza kwenye friji yasiyeyuke, au baiskeli, maana hapa akiendesha mbwa wa mtaani wanamkimbiza na ameshachomwa sindano za kichaa mara moja. Akafikiri sana. Akasema anakosa kugombana.

Nikamwambia mbona mnagombana kila siku. Akasema hapana, pale tunakubaliana wote. Anasema kwao alikuwa mtu wa mijadala, alikuwa kwenye halmashauri ya kijiji chao, anasimama, anapinga, anapingwa, anarudi nyumbani amechangamka. Kithai chake baada ya miaka 14 ni cha sokoni. Sauti tano, neno moja ukiliangusha ni karibu ukilinyoosha ni mbali, glai na glai, yeye sikio halimpi. Anaweza kununua samaki, anaweza kusema asante, hawezi kumwambia mtu "sikubaliani na wewe na sababu zangu ni hizi". Mke alipokuwa hospitali daktari alieleza kwa Kithai, shemeji akatafsiri kwa maneno matatu. Yeye alikuwa na maswali arobaini. Akauliza mawili.

Alisema, watu hapa wananijua kama babu mpole anayecheka. Mimi sijawahi kuwa mtu huyo.

#37 Mama Zawadi

Sasa hapo umenifikisha kwa dada yangu aliyeko Muscat. Kila akipiga simu anaongea masaa mawili, analalamika mpaka chaji inaisha. Kumbe labda ndiyo saa pekee anakuwa mtu kamili.

#38 Profesa wa Ubungo

Hilo linaeleza mzee mmoja. Halielezi Wabelgiji wawili wenye bia, wala wale wanaoongea Kithai safi na bado wanalalamika, na wapo.

#39 Lushois wa Antwerp

Wabelgiji wanalalamika kwa sababu wanakaa na Waholanzi.

#40 Kwa Mtipura

Mimi nabaki na stahi. Profesa na hela yake, Binti na salamu yake. Tutakesha.

#41 Simba wa Yuda 77

Nilisema haraka kule juu. Mwalimu msalimie mzee.

#42 Mwalimu Ugenini

Salamu zitafika Simba.

Kesho sina kipindi asubuhi, nampeleka ofisi ya hifadhi ya jamii ya Kithai akagongewe muhuri kwenye fomu ya kuthibitisha yuko hai, inakuja kutoka Uholanzi kila mwaka na isiporudi pensheni inasimama. Zamani alikuwa anaenda na mke.

#43 Mzee wa Kizota

Kumbe na wao wana uhakiki wa wastaafu. Baba yangu kila ukifika anavaa suti.

#44 Binti wa Chumbageni

Mwalimu mwambie aende na pasipoti yenyewe, siyo kopi tu. Na asisaini nyumbani, asaini mbele ya ofisa.

#45 Mwalimu Ugenini

Ahsante, hilo la kusaini asingekumbuka.

Binti, Kiholanzi "pole" wanasemaje? Miaka minne namwambia "sorry" kwa Kiingereza ananijibu "siyo kosa lako".

#46 Binti wa Chumbageni

Sterkte. Maana yake nguvu, lakini wanaitumia palepale sisi tunaposema pole. Hiyo e ya mwisho usiivute, iseme fupi.

#47 Mwalimu Ugenini

Nimeiandika kiganjani.